Tupeane uzoefu: je, ni sawa kumpeleka mbwa wa nyumbani kwenye sherehe na mashindano yenye umati?

Mwanzishaji wa mada (Kisesa)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaishi Kisesa, mahali ambapo mtu hufika Bujora kwa miguu, na kwa miaka miwili sasa ninamlea mbwa dume aitwaye Simba, ambaye nilimpata akiwa na wiki nane na ambaye wanangu wanamhesabu kuwa mmoja wao. Kila mwezi wa sita, Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, inapofika, nyumba nzima huenda Bujora kutazama makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, wakishindana, na mwaka ujao watoto wanataka Simba awe pamoja nasi. Walioiona sherehe hiyo wanajua hali ilivyo: ngoma hupigwa pande mbili kwa wakati mmoja, kila upande ukijitahidi kuwavuta watazamaji wa upande wa pili, wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe, wengine huingia uwanjani na chatu mabegani, na watu husimama bega kwa bega hata mtoto hulazimika kubebwa ili aone.

Hoja ya watoto imepata nguvu kwa sababu mdogo wangu anayesoma Uingereza alitutumia picha za mashindano ya farasi ya Burghley, ambako watu wameketi kwenye nyasi na mbwa wao huku farasi wakipita mbele yao. Wanangu wanauliza: ikiwa mbwa wa huko wanakaa karibu na farasi bila matatizo, Simba atashindwaje na ngoma? Naomba mnisimulie mliyoyaona kwa macho yenu, mazuri na mabaya. Yale ya kusikia kwa jirani tuyaache kwa leo.

Saisi mstaafu (Ilemela)

Mwanzishaji, umefanya vema kuuliza kabla ya siku yenyewe. Nilifanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwa miaka kumi na tisa nchini Kenya, katika mazizi ya farasi nje kidogo ya Nairobi, kabla ya kurudi nyumbani. Huku kwetu farasi ni nadra, kwa kuwa tangu zamani ndorobo na ugonjwa wa nagana anaoueneza viliwamaliza katika sehemu kubwa ya nchi, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunamjua farasi kwa picha tu. Kwenye picha farasi huonekana mnyama mkubwa asiyeogopa kitu. Ukweli ni kwamba farasi ameumbwa awe wa kuwindwa, na jambo la kwanza linalomjia anaposhtuka ni kukimbia, na asipoweza kukimbia, kupiga teke. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Mbwa anayenusanusa hupenda kupita hapo nyuma.

Nitasimulia tukio moja, kwa sababu sijalisahau. Yalikuwa mashindano ya kuruka viunzi, siku ya Jumapili, na familia moja ilikuja na mbwa mdogo mwenye manyoya marefu, amefungwa ile kamba inayojikunja na kujikunjua yenyewe kutoka kwenye kishikio. Mbwa yule alikuwa mpole kweli. Asubuhi nilimpapasa mimi mwenyewe. Farasi niliyekuwa nikimtunza alikuwa akitoka kwenye uwanja wa kupasha misuli, juu yake akiwa na msichana wa miaka kumi na minne. Mbwa alimkimbilia kwa furaha, kamba ikajikunjua mita kadhaa kabla mwenye mbwa hajatambua, ikapita chini ya tumbo la farasi na kuzunguka mguu wa nyuma. Farasi alihisi kitu kimemshika asikokuona. Alipiga mateke mawili, la pili likampata mbwa kiunoni, kisha akasimama kwa miguu ya nyuma na msichana akaanguka na kuvunjika mtulinga. Mbwa alikufa njiani akipelekwa kwa daktari wa mifugo. Mimi nilibaki nimeshika hatamu karibu nusu saa, farasi akitetemeka mwili mzima, jasho likimtiririka kana kwamba amekimbia mbio ndefu.

Mwenye mbwa alikuwa akirudia maneno yale yale: “Hajawahi kumuuma mtu.” Alisema kweli, na hata siku ile hakumuuma mtu. Ninaliweka jambo hili mbele yenu kwa sababu wengi tunaupima usalama wa mbwa kwa kuuliza kama ni mkali, ilhali katika umati mbwa mpole anayependa kila kiumbe anaweza kuleta balaa lile lile.

Kuhusu Burghley, ni kweli kwamba mbwa wanaruhusiwa, lakini kwa sharti la kuwa kwenye kamba fupi. Katika siku ya kuvuka mashamba na vizuizi, farasi wa daraja lile hutakiwa kwenda kwa mwendo wa mita 570 kwa dakika, na mnyama mwenyewe ana uzito wa kilo 500 hivi. Mbwa akikatiza njia, hakuna mpanda farasi anayeweza kumsimamisha kwa ghafla. Aidha, desturi za huko hazifanani kila mahali, kwani kwenye mbio za Royal Ascot mbwa hawaingii, isipokuwa wale wanaowasaidia watu wenye ulemavu. Wengi wa mbwa unaowaona wametulia kwenye picha wameishi karibu na farasi tangu wakiwa watoto. Simba wako hajapata malezi hayo, na hilo si kosa lake wala lako.

Mama wa Nyegezi

Shikamoo mzee saisi. Simulizi yako imenigusa, nami nina yangu, ingawa haina farasi. Miaka mitatu iliyopita tulikwenda ufukweni kutazama mashindano ya mitumbwi, na mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa ameshika kipande cha sato wa kukaanga. Pembeni yetu alisimama kijana na mbwa wake mkubwa, kamba ameizungusha mkononi, macho yote yakiwa ziwani. Mitumbwi ilipokaribia kumaliza, watu walipiga kelele na kusukumana mbele, mtu akamkanyaga mbwa mkia, na mbwa akageuka na kumuuma aliyekuwa karibu zaidi. Alikuwa mwanangu, kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema tupake mafuta ya taa, mwingine pilipili, wa tatu manyoya ya mbwa yuleyule yaliyochomwa. Namshukuru Mungu kwamba niliwahi kusikia semina ya afya shuleni, nikampeleka kwenye bomba la mama muuza chakula na kuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, huku mtoto akilia na watu wakiniambia ninachelewa. Baadaye mganga alithibitisha kwamba kuosha kule ndiko kulikokuwa hatua ya kwanza sahihi, kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa hupunguzwa kwenye jeraha kabla havijaingia kwenye neva, na kwamba dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Lililonitesa zaidi lilikuja baada ya hapo. Mganga aliniuliza kama mbwa ana kadi ya chanjo, na kama anaweza kufungiwa na kuangaliwa kwa siku kumi, kwa kuwa mbwa aliyekuwa akiambukiza wakati wa kuuma huugua au kufa ndani ya muda huo. Sikuwa na jibu. Katika vurugu zile kijana alikuwa ameondoka na mbwa wake, na hakuna aliyemfahamu jina wala mtaa. Kwa hiyo mwanangu alichomwa sindano zote, na mimi kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiamka usiku kumtazama kama anameza mate vizuri. Alipona, na leo ana miaka kumi na miwili.

Baba Simba, sikukatazi kumpenda mbwa wako. Ninachoomba ni kwamba kabla hujafikiria Bujora, ujiulize kama kadi yake ya chanjo ni ya mwaka huu na kama utakuwa tayari kubaki pale na kutaja jina lako jambo likitokea. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na kichaa hiki husababishwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka kumi na mitano. Mashariki mwa ziwa letu, katika vijiji vinavyopakana na Serengeti, mbwa wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni tangu miaka ya 1990, na lengo linalotajwa siku zote ni kufikia asilimia 70 ya mbwa wote ili ugonjwa ukose njia. Mbwa mmoja asiyechanjwa katikati ya umati wa watoto ni jambo ambalo sitalikubali tena kimyakimya.

Kijana wa Kirumba

Nimewasoma wakubwa zangu kwa makini. Mimi ninampeleka mbwa wangu kwenye watu, na ninaona inawezekana, ila nilianza vibaya na nataka niseme yote.

Mara ya kwanza nilimchukua kwenye bonanza la mchana, nikiwa na chupa moja ya maji kwa ajili yetu sote wawili. Sikujua kwamba mbwa hutoa jasho kwenye nyayo tu, na kwamba anapohema kwa ulimi nje ndipo anapojipoza. Kufikia saa nane alikuwa akihema bila kupumzika, fizi zimekuwa nyekundu sana, kisha miguu ikalegea. Tulimweka kivulini, tukamlowanisha tumbo na miguu kwa maji ya kawaida na kumpepea, na mtaalamu wa mifugo alipompima alikuta joto la mwili limefika 41, wakati mbwa mwenye afya huwa kati ya 38 na 39 na kidogo. Aliponea chupuchupu. Nilijilaumu sana, kwa sababu alikuwa amenifuata tu, kama anavyonifuata popote.

Baada ya hapo nilimfundisha kwa miezi minne. Siku za mechi nilisimama naye mbali na uwanja wa CCM Kirumba, mahali ambapo kelele zinasikika lakini watu hawatufikii, nikimpa vipande vya dagaa kila aliponitazama. Aliponyoosha masikio na kula, juma lililofuata tulisogea hatua chache. Alipokataa chakula, tulirudi nyuma. Nilijifunza kwamba mbwa husema mapema kabla ya kubweka: hulamba pua, hupiga miayo ingawa hana usingizi, hukunja mkia, huonyesha weupe wa jicho, hugeuza kichwa asimtazame anayemkaribia. Siku hizi ninakwenda naye kwenye shughuli za asubuhi, kwa kamba fupi, akiwa amevaa kifunga mdomo cha wavu kinachomruhusu kuhema na kunywa, na nikiona dalili mbili tu tunaondoka, hata kama fainali imebaki.

Hata hivyo, Bulabo nisingempeleka. Mpira una kelele, lakini watu wamekaa majukwaani. Kule Bujora umati wenyewe unahama kutoka ngoma moja kwenda nyingine, na ukiwa katikati huwezi kuchagua njia ya kutokea.

Mfugaji wa Misungwi

Nitasema kidogo. Mnadani nimeona mbwa akirushwa na ng'ombe mwenye ndama, na nimeona punda akimkanyaga mbwa kwa kwato za mbele mpaka tukamtoa kwa fimbo. Punda wengi hawamtaki mbwa wasiyemjua. Mbwa wetu wa machungani tunawaacha bomani siku ya mnada.

Mkazi wa Mirongo

Assalam alaykum. Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa, nalo nalisema kwa heshima. Katika umati kuna sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao tukiguswa na mate ya mbwa hutupasa kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Siku moja kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga mbwa alilamba kanzu ya baba yangu zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya swala, na mzee hakuwa na pa kubadilishia. Mwenye mbwa aliomba radhi kwa dhati, lakini swala ya jamaa ilikuwa imempita. Sisemi mbwa ni mnyama mbaya. Kumnywesha mbwa mwenye kiu kuna thawabu katika dini yetu. Ninasema kwamba kwenye msongamano mtu hana nafasi ya kusogea, na hivyo uamuzi wa mwenye mbwa unakuwa umewaamulia na wengine.

Mwanzishaji wa mada (Kisesa)

Nawashukuru sana, wabeja. Jana usiku niliwasomea watoto simulizi ya mzee saisi na ya Mama wa Nyegezi, na binti yangu mkubwa alikwenda mwenyewe kuitafuta kadi ya Simba. Chanjo yake ilipitwa na muda miezi mitano iliyopita, nami sikuwa na habari. Kesho asubuhi tunakwenda ofisi ya mifugo. Mwezi wa sita Simba atabaki nyumbani kwa bibi yao huko Magu, mbali na ngoma, na watoto wamekubali, ingawa mdogo alilia. Nina swali moja kwa kijana wa Kirumba: mafunzo ya kelele niyaanze akiwa na umri huu wa miaka miwili, au nimechelewa?

Kijana wa Kirumba

Hujachelewa, kaka. Wangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Anza Jumapili hii, saa moja asubuhi, karibu na kanisa au shule ambako kwaya inafanya mazoezi, nawe usimame mbali kiasi kwamba Simba bado anakubali kula. Juma la kwanza dakika kumi zinatosha.