Tupeane uzoefu: kugawa diski ya kompyuta (hard disk) bila kupoteza kazi

Wakuu, habari za Arusha. Kompyuta nyingi za hapa mjini, za steshenari hata za ofisi za utalii, zina patisheni moja tu, yaani fungu moja la diski, C peke yake. Windows, hesabu za ofisi na picha za wageni wa Ngorongoro, vyote kapu moja. Siku Windows ikigoma na fundi akapiga fomati, vyote vinakwenda. Ukiwa na C na D, inafutwa C, kazi inabaki D. Wanaoijua shughuli hii walete hatua na vipimo, hasa pale panapokwama.

Wa Sakina
Kwanza nakili kazi zote kwenye diski ya nje. Kisha bonyeza Windows pamoja na X, fungua Disk Management, bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua Shrink Volume. Kosa la kila siku liko hapo: kisanduku kinauliza megabaiti za kukata kutoka C, si za kuiachia. Ukitaka D ya GB 200, zidisha mara 1,024, uandike 204800. Kipande kilichokatwa kitatokea na ukanda mweusi juu yake. Kibofye, New Simple Volume, fomati ya NTFS, ukipe jina kama KAZI. Jina hilo lina faida yake: wakati wa kupiga Windows upya, herufi za C na D hazionekani, unaona namba za patisheni, ukubwa na jina basi. Na diski ya nje ichomoe kabla ya kuanza, isije ikafutwa hiyo.

Wa Majengo, Moshi
C msiibane. Windows 11 inadai GB 64, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa. Masasisho na programu vinakula zaidi. SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256 inasomeka 238, kwa sababu kiwandani wanahesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Hiyo iachie C 120. SSD ya 128 usiigawe, weka kazi kwenye diski ya pili.

Ukishapata D, hamishia Documents huko: kitufe cha kulia, Properties, Location, Move. Tengeneza kwanza folda, mfano D:\Nyaraka, uichague hiyo. Ukielekeza D:\ tupu, D nzima inageuka Documents, na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi ngumu.

Wa Njiro
Shida kubwa ni hii: C ina GB 150 tupu, Shrink inakupa 9 tu. Windows haikati kuvuka faili isiyohamishika, hata kama nyuma yake ni tupu. Wazuiaji wa kawaida ni watatu. Faili ya usingizi (hibernation): fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off. Faili ya kumbukumbu pepe: izime kwa muda kwenye mipangilio ya Virtual memory. Na nakala za System Restore: zima ulinzi wa C, ukijua kuwa nakala za zamani zinafutwa. Washa kompyuta upya, jaribu tena. Ikigoma bado, nenda Event Viewer, upande wa Application, tafuta tukio namba 259; limeandika faili iliyozuia kwa jina lake. Ukimaliza kukata, rudisha vyote, hasa kumbukumbu pepe kwa mashine yenye RAM ndogo.

Wa Pasua, Moshi
Kwa nini Extend Volume, ya kuiongezea C nafasi, inafifia wakati nafasi tupu ipo?

Wa Njiro
Nafasi lazima iwe jirani na C, mkono wa kulia. Ukipunguza D, tupu inatokea baada ya D, na C haiwezi kuiruka. Njia salama: hamisha vya D vyote nje, hakikisha vinafunguka, futa D, ongeza C, tengeneza D upya. Programu ya kugawa diski ya GParted inaweza kusogeza D nzima, lakini inaandika upya data yote, na kwa diski ya kuzunguka ni saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, nusu iko mahali pa zamani, nusu papya, na kuokoa hapo ni majaliwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) usiiguse kwa njia hiyo.

Wa Sakina
Niongeze mawili. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data. Andika pembeni ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote.

La pili, diski za MBR (mpangilio wa zamani wa patisheni) zinabeba patisheni kuu 4 tu. Ukiwa nazo 4 tayari na ukajaribu ya tano, Windows inaomba kuigeuza diski kuwa dynamic. Kataa. Kuirudisha kuwa basic, yaani ya kawaida, kwa zana za Windows zenyewe kunataka ufute patisheni zote.

Wa Majengo, Moshi
Jamani, D si bakapu. C na D ni chuma kimoja, kikifa vinakufa pamoja. Tazama afya ya diski kwa CrystalDiskInfo kabla ya kugawa: kwenye mstari wa C5, safu ya Raw Values ikiwa juu ya sifuri, kuna sekta zisizosomeka. Hapo usigawe, nakili data leo, diski ibadilishwe.