AMENING'OLEA MLANGO, NA MIMI NDIYE NILIYEMSHIKIA!!!

Bin_Kisauni (mwenye uzi, Mombasa, Ramadhani ya 2020)

Yakhe nisikizeni. Naandika nikiwa nimekaa kitako kizingitini, maana ndani na nje ya nyumba yangu saa hii ni kitu kimoja. Paka watatu washapita kama wanakatia njia stendi ya matatu. Mbu wa Kisauni nzima wamehamia kwangu na jamaa zao wa Bamburi.

Mwenye nyumba wangu simtaji jina, nyote mnamjua. Yule mzee wa kofia ya vito na kijitabu kidogo mfukoni, akikuita "mwanangu" ujue mfuko wako ushakufa. Ana nyumba sita na vyoo viwili. Mnamjua.

Jana adhana ya Magharibi ishalia, mimi tende iko mdomoni, uji wa pilipili manga unafuka mkekani. Hodi hodi. Naona mzee na fundi. Mzee kavaa barakoa vizuri kuliko daktari, kasimama mita moja na nusu kama tunavyohubiriwa kila siku kwenye televisheni. Akatoa chupa ya sanitaiza, akakipulizia kitasa cha mlango, akakifuta kwa kitambaa. Nikasema moyoni, masikini, mzee anatujali na hii korona. Kumbe anausafisha aondoke nao!

Fundi akatia bisibisi bawaba ya juu. Ikatoka. Mlango ukalala upande. Mzee akaniambia kwa upole, upole ambao hata mamangu hajawahi kunipa, "Mwanangu, hebu shika hapo usije ukatuangukia."

NIKASHIKA.

Tende mdomoni, siwezi kusema neno, mikono miwili juu, nimeshika mlango wangu mwenyewe ili aung'oe vizuri usichubuke. Bawaba ya chini ilikuwa na kutu, fundi akahangaika nayo, mimi bado nimeshika! Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mzee akasema, "Ahsante, mwanangu."

Deni lenyewe hili hapa. Kodi ni 6,500. Machi nililipa yote. Aprili nikamtumia 3,000 kwa simu, kwa sababu hoteli niliyokuwa nikifanya kazi upande wa Nyali imefunga, wageni hakuna, na sisi tukatumiwa ujumbe wa mistari miwili kwamba tuko likizo bila malipo "mpaka mtakapoarifiwa". Nikamwambia mzee una dipoziti yangu 6,500, kata humo. Akasema dipoziti ni ya rangi nikihama. Rangi gani? Mlango huo niliupaka mimi kwa mkono wangu, bluu ya mashua, rangi iliyobaki kwa mjomba wangu. Mpaka ufunguo ninao mfukoni hapa, naushika kila saa kama tasbihi.

Na kafyu ni saa moja! Ameondoka na mlango saa kumi na mbili na nusu. Dakika thelathini nitafute mlango wapi? Serikali inaniambia kaa ndani. Ndani yenyewe iko wapi?

Mke wangu katundika leso. Tumelala, nimeamka daku kula, naisoma leso kwa mwangaza wa simu: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nimecheka mpaka nimelia.

Wanasheria mlio humu nauliza swali moja tu. Askari wa kafyu wakinikuta saa tatu usiku nimekaa hapa kizingitini, mimi niko ndani ama niko nje?

Halafu yeye ndiye kaniambia shika. Na mimi nikashika.

Kachumbari_Kali

Ulishika?

Bin_Kisauni

Ningefanya nini, ungeniangukia.

Kachumbari_Kali

Ungeuacha ukuangukie! Ungekuwa na kesi ya kuumizwa. Sasa umekuwa saidia fundi. Umedai malipo yako ya siku?

Shangazi_Likoni

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Mwanangu pole, lakini hiyo "ahsante mwanangu" ndiyo imenimaliza. Tende uliimeza ama uliitema?

Bin_Kisauni

Shangazi niliimeza na kokwa yake.

Mzee_wa_Baraza

Na mzee mlimkaribisha futari? Manake ni Ramadhani.

Bin_Kisauni

ALIKULA TENDE MBILI. Sikutaka kuandika hilo. Mke wangu alimkaribisha kabla hajajua amekuja kufanya nini. Akala mbili, kokwa akazitia kwenye mkunjo wa kanzu kwa adabu kabisa, ndipo akamwambia fundi haya anza.

Dereva_wa_TukTuk

Huyo si mwenye nyumba, huyo ni balaa lenye wudhuu 😂😂

SiWakili_LakiniNajua

Acheni kumcheka, nijibu swali. Kwanza, kodi ya 6,500 haiko chini ya ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, sura ya 296. Ile inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Pili, kodi unadaiwa. Korona haijafuta kodi ya mtu. Kuna mswada huko Seneti wa mambo ya janga, unataka wapangaji na wenye nyumba wapatane namna ya kulipa, lakini mswada si sheria, usimpelekee mzee mswada atakufungia chumvi.

Tatu, kudai kwake hakumpi ruhusa ya kung'oa mlango. Akitaka kukamata mali kwa ajili ya kodi, iko sheria yake, sura ya 293, na anatumia dalali mwenye leseni, si fundi na bisibisi. Akitaka kukutoa, aende mahakamani apate amri. Tena angalia, mlango si mali yako, ni mali yake. Kwa hivyo hajakamata mali ya mpangaji. Amejiibia.

Kachumbari_Kali

Nyumba ya 2,500 Mombasa hii iko wapi? Labda banda la kuku, na kuku wenyewe wachangie.

Mzee_wa_Baraza

"Amejiibia" hahaha. Na mwizi mwenyewe akashikiwa na aliyeibiwa.

Bin_Kisauni

Sawa ndugu SiWakili, niende mahakamani basi?

SiWakili_LakiniNajua

Hapo ndipo penye tabu. Tangu Machi 16 mahakama zimepunguza kazi, zinasikiza mambo ya dharura, mengine kwa video. Utabidi uombe isikizwe kwa dharura. Mimi ningeanza kwa chifu, na ujumbe ulioandikwa kwa mzee: nimelipa kiasi hiki, nimebakisha kiasi hiki, nitalipa tarehe fulani, rudisha mlango. Weka hiyo risiti ya 3,000. Piga picha fremu.

Na swali lako la kizingiti, sheria inasema usitembee nje. Kizingitini ni kwako. Lakini kirungu hakisomi sheria, kwa hivyo ikifika saa moja vuta miguu yako ndani ya leso.

Mpishi_Asiye_na_Jiko

Bora wewe umepata ujumbe wa mistari miwili. Mimi bosi wangu (mnamjua, yule wa mkahawa wenye picha ya samaki anayecheka) alitutoa kwenye grupu la WhatsApp. Basi. Ndiyo barua ya kufutwa hiyo. Miaka minane nimemkaangia viazi, nimeona "umeondolewa".

SiWakili_LakiniNajua

Hiyo si kufutwa, hiyo ni dharau. Sheria ya Ajira ya 2007: akipunguza wafanyakazi anatakiwa atoe notisi ya mwezi mmoja, kwako na kwa afisa wa kazi, halafu akulipe zisizopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza. Miaka minane piga hesabu, siku 120. Na hata wewe mwenye mlango, likizo bila malipo haimo kwenye hiyo sheria, ni mapatano. Ulikubali?

Bin_Kisauni

Niliweka kidole gumba.

SiWakili_LakiniNajua

Kidole gumba cha nini?

Bin_Kisauni

Kwenye WhatsApp. Ile 👍. Kila mtu aliweka.

Kachumbari_Kali

Wewe ndugu unashika mlango, unaweka kidole gumba. Ukitiwa kaburini utawaambia ngojeni nisogee.

Bin_Kisauni

Sikukujia hapa nitukanwe. Mlikuwa nyinyi mkisukumiwa mlango mngeshika. Mlango ukianguka mkono unaenda wenyewe. Na sijaelewa bado, kwa nini alisema "usije ukatuangukia". Aliposema "tu" alikuwa na maana mimi na yeye tuko pamoja? Sisi na nani?

Shangazi_Likoni

Mwache, ana uchungu.

Jirani_wa_Dar

Poleni majirani wa Mombasa. Huku Dar hatujafungiwa usiku, lakini hiyo ya mlango kwetu haiwezi kutokea, mwenye nyumba anachukua kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka mzima. Akija kung'oa mlango unamuuliza hela yangu iko wapi, anaanza kusalimia.

Dereva_wa_TukTuk

Miezi sita mbele? Mimi siku sita mbele sizijui. Tangu mji ufungwe hakuna kuingia wala kutoka, Mombasa, Kilifi, Kwale. Abiria wangu wote ni wale wale kumi na wawili, nawajua mpaka magonjwa yao.

Na juzi nimeshikwa, barakoa iko kidevuni. Nilikuwa nakula kiazi karai! Mtu atakulaje kiazi kupitia kitambaa? Askari akanisomea kanuni kama imamu: faini isiyozidi elfu ishirini ama kifungo cha miezi sita. Tuktuk yangu yenyewe nikiiuza na kiti cha nyuma haifiki huko.

Mzee_wa_Baraza

Kiazi karai mchana wa Ramadhani?

Dereva_wa_TukTuk

Mimi Mkamba wa Changamwe, niache na kiazi changu.

Mzee_wa_Baraza

Kiliwe, sijasema kitu. Cha ukwaju?

Bibi_Harusi_Aliyekwama

Nyinyi mna milango na viazi. Mimi nilikuwa niolewe Aprili. Ukumbi nilitoa 15,000 za kushika nafasi, wakapiga marufuku mikutano, nimeenda kudai pesa zangu mwenye ukumbi ananiambia "ukumbi uko wazi dada, ni watu ndio hawaruhusiwi". Yaani nikafunge ndoa na viti!

Shangazi_Likoni

Na bwana harusi yuko wapi?

Bibi_Harusi_Aliyekwama

Nairobi. Kafungiwa huko tangu Aprili 6. Ananiambia kwa simu ameanza kuzoea.

Shangazi_Likoni

Ameanza kuzoea?? Mwanangu achana na habari ya ukumbi.

Mpishi_Asiye_na_Jiko

Jamani siku 120 za mshahara ni pesa ngapi kwa mtu wa 13,000 kwa mwezi? Nimepata 52,000. Nimepiga mara tatu. Nimempigia bosi simu hapa, hapokei. Nimemwandikia nirudishwe kwenye grupu tuongee.

Bin_Kisauni

Samahani, tunarudi kwenye mlango? Mvua imeanza hapa. Leso imeloa. "Mgeni njoo" imejikunja, inasomeka "mwenyeji apone" peke yake.

Kachumbari_Kali

Hiyo ni dua, acha hivyo hivyo.

Mama_wa_Watatu

Mimi niulize tu, ni haki shule kutaka ada ya muhula wa pili na watoto wako sebuleni? Wanasomea kwenye simu yangu, wote watatu, simu moja. Mdogo yuko chekechea, mwalimu anamfundisha kupiga makofi kwa video. Na kwenye karatasi ya ada wameandika pesa za basi. BASI! Kutoka chumbani mpaka sebuleni!

Dereva_wa_TukTuk

Mama, kwa pesa hizo mimi ningewabeba kutoka chumbani. Nina nafasi.

Jirani_wa_Dar

Basi hilo linawashusha jikoni ama linafika mwisho?

Mama_wa_Watatu

Nacheka lakini nimekasirika. Na ile ya chakula cha mchana hawajaitoa. Chakula napika mimi!

Fundi_Mitumba

Ndugu mwenye uzi, nimeona shida yako. Nina mlango wa mbao, umetumika lakini mzima, futi sita na nusu kwa mbili na nusu. 2,800, bei inazungumzika. Umefika leo asubuhi. Nakuletea kabla ya kafyu.

Bin_Kisauni

Rangi gani?

Fundi_Mitumba

Bluu. Kitasa kipo, ufunguo tu ndio haupo. Bawaba ya chini ina kutu kidogo.

Mpishi_Asiye_na_Jiko

Mama wa Watatu, hiyo shule ni ile yenye geti la kijani? Kama ndiyo, mwaka juzi walinitoza mimi pesa za kuogelea na bwawa halipo.

Mama_wa_Watatu

NDIYO HIYO HIYO. Bwawa bado halipo! Na mwaka huu wameiita "maandalizi ya bwawa". Ngoja nifungue uzi wangu.