Mikarafuu ya marehemu baba iko Pemba, sisi warithi tuko Dar, Tanga na Unguja. Nani atachuma?

Binti Mtambile (Temeke, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum, na shikamoo wakubwa. Naomba ushauri wa wenye mashamba ya karafuu, hasa Wapemba wenzangu mlioko huku Dar.

Marehemu baba ametuachia mikarafuu arobaini upande wa Mtambile, minazi michache na nyumba ya udongo yenye bati. Warithi ni mama, kaka zangu watatu na sisi wanawake wanne. Mgawo umepigwa kisheria: mama thumuni yake, yaani mikarafuu mitano, kila mwanamume saba, kila mwanamke mitatu na nusu. Ule wa nusu unauchangia na ndugu yako. Hakuna aliyenung'unika, kila mtu anajua miti yake, hata tumeipiga alama ya rangi shinani.

Shida ni kwamba kati yetu wanane hakuna anayelala Pemba. Kaka mkubwa ana duka la vyombo Kariakoo. Anayemfuata yuko Manzese. Mdogo yuko Paje, Unguja, anafanya kazi hotelini. Dada zangu wawili wameolewa Unguja mjini, mmoja yuko Tanga, mimi niko hapa Temeke na mama, ambaye tumemleta kwa ajili ya presha yake.

Msimu uliopita tuliikodisha miti yote kwa mtu mmoja kabla haijaiva. Akatulipa mkupuo, tukagawana. Nilipokwenda kutazama shamba baada ya mavuno nilitokwa na machozi. Matawi yamevunjwa hovyo, mengine yananing'inia kwa gome tu. Mkarafuu ambao baba alikuwa akiuzungukia kila asubuhi anaung'oa magugu umeachwa umemezwa na mtambaazi hadi katikati. Aliyekodi alitaka karafuu za msimu mmoja, na alizipata.

Nimekaa nikatazama takwimu za sensa nijue kama ni sisi peke yetu. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Mwaka 2022 tumefika 1,889,773. Unguja imetoka 896,721 hadi 1,346,332, imeongezeka kwa nusu nzima ndani ya miaka kumi. Pemba imetoka 406,848 hadi 543,441. Mwaka 2002 katika kila Wazanzibari watatu mmoja alikuwa Pemba, na zaidi kidogo. Sasa Pemba haifiki asilimia 29. Na hapo hatujahesabiwa sisi tuliojaa Kariakoo, Tandika na Buguruni.

Kaka mkubwa anasema tuuze. Wa Manzese anasema tukodishe tena. Mimi sitaki kuuza, na kukodisha vile tena sitaki. Mnafanyaje nyie wenzangu ambao mko huku na mikarafuu iko kule?

Mzee wa Wete (Magomeni)

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Mungu amrehemu mzee wenu.

Kwanza nikuulize: hiyo mikarafuu iko kwenye ardhi ya babu yenu, au ni eka tatu? Baada ya Mapinduzi mashamba makubwa yalichukuliwa na serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Ikiwa ni ya eka, basi aliyepewa alipewa kutumia, hakupewa kuuza. Watu wanauziana, hilo nalijua, lakini kaka yako akimpata mnunuzi leo, kesho mnaweza kusimamishwa mbele ya watu wa ardhi na fedha mmeshakula. Tazameni hati kabla ya neno lolote.

La pili ni hili la wachumaji. Watu wanadhani zamani mwenye shamba alichuma mwenyewe na wanawe. Hasha. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa za Pemba. Aliyezichuma alikuwa nani? Watumwa, mpaka utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897. Baada yao wakawa wanakuja watu kwa mashua msimu ukifika, Wamakunduchi wengi kutoka kusini Unguja, na watu wa bara. Mimi nikiwa mtoto nimewaona Wamakunduchi wakishuka na mikeka yao kichwani, wanapewa kibanda, wanakaa hadi msimu umalizike. Tukilipa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo, kwa kadiri mtu alivyochuma. Na shule ilikuwa ikifungwa ili watoto nasi twende tukaokote na kuchambua.

Kwa hiyo karafuu tangu hapo imekuwa ikingoja mtu atoke mahali. Siku hizi Makunduchi hawana haja ya kuja, wana hoteli mlangoni. Watu wa bara nao wamepata yao. Na sisi wenyewe ndio tumekuwa tunaotoka.

Kilichotutoa ni bei, mwanangu. Miaka ya sabini karafuu ilikuwa inauzwa nje kwa fedha nyingi na mkulima anapata kidogo mno, kingine chote ni cha serikali. Kisha Indonesia, ambaye ndiye alikuwa mteja wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, akapanda mikarafuu yake hadi akajitosheleza, na miaka ya themanini bei ikaanguka kabisa. Kijana wa umri wangu wakati ule alifunga mzigo akaja Dar kuuza kanga na sabuni. Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei ya mkulima sana, na kwa kweli ilikuwa afueni kubwa. Lakini mtu aliyeondoka mwaka 1985 ana wajukuu Magomeni. Harudi kwa sababu kilo imepanda.

Mchumaji (Kangani, Pemba)

Dada, mie ni mchumaji. Sina mkarafuu hata mmoja, nachuma ya watu tangu nikiwa darasa la sita. Ngoja nikwambie upande wetu maana huko Dar mnazungumza bila sisi.

Hiyo sensa uliyoiweka isikupoteze. Pemba haijapungua watu, kwa hesabu yako mwenyewe wameongezeka laki na thelathini na kitu elfu. Watoto tupu kila nyumba, alhamdulillahi. Anayekosekana ni kijana wa miaka ishirini hadi thelathini na tano mwenye kifua cha kupanda juu. Huyo yuko Unguja kwenye bodaboda, kwenye ujenzi wa hoteli, au yuko Dar dukani kwa kaka yako.

Na kupanda si kazi ya mchezo. Karafuu nzuri ziko ncha za tawi, kule kwembamba, na mti wa mkarafuu ni mkavu, unakatika bila kukuonya. Mchumaji mzuri hafuati ncha, anaivuta ncha imfuate. Anakwenda na kamba na ngoe, ule mti wenye ndoano, analifunga tawi kwenye shina, analileta kwake taratibu, anachuma kichala na kikonyo chake, analiachia tawi lirudi. Hivyo mti mmoja mkubwa unaweza kukushika siku nzima na zaidi. Aliyekodi hana siku hiyo. Ameshalipa fedha, ana miti mia mbili ya watu mbalimbali, anawalipa vijana kwa pishi, na kijana anayelipwa kwa pishi anaona kulivunja tawi akalishusha chini akachumia kivulini ni haraka zaidi. Ndiyo uliyoyakuta. Matawi hayo yalikuwa karafuu za misimu yenu inayokuja.

Halafu muda. Karafuu inachumwa ikianza kuwa nyekundu na kabla haijafungua. Ikishafungua ua, basi, hiyo si karafuu tena ya kuuza. Mwaka wa mavuno makubwa mashamba yote yanaiva kwa pamoja, wachumaji ni wale wale, kila mwenye shamba anatutafuta. Tunakwenda kwa nani? Kwa aliye karibu na barabara. Kwa anayepika. Kwa anayelipa jioni ile ile pishi zikishapimwa. Shamba ambalo mwenyewe yuko Dar, anapiga simu anasema "nitawatumia", linakuwa la mwisho, na likifika zamu yake nusu imeshafungua.

Na ukishachuma hujamaliza. Usiku watu wanakaa kuchambua, kichala unakisugua kiganjani karafuu zinaachia, makonyo, yaani vile vikonyo, mbali. Wanawake na watoto ndio mabingwa. Makonyo usitupe, yananunuliwa, Wawi kuna kiwanda cha kukamulia mafuta. Asubuhi unaanika kwenye jamvi, siku nne tano ikiwa jua zuri. Mvua ikija lazima awepo mtu wa kukimbia kuzikusanya. Zikilala na maji zinajipika zenyewe, zinatoka nyeupe nyeupe, na ukifika kituoni, kwa shirika la serikali linalonunua karafuu, daraja linashuka. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu, kwa hiyo ukiharibu hapo umeharibu kazi ya siku nyingi.

Sasa utaona kwamba shamba lenu halihitaji mchumaji tu. Linahitaji nyumba yenye watu ndani.

Kinole Juu (Morogoro)

Poleni kwa msiba. Mimi ni mkulima wa karafuu huku milima ya Uluguru. Ushauri wangu tofauti: uzeni, mnunue shamba Kinole au Matombo. Huku karafuu tunauza kwa mnunuzi yeyote tunayekubaliana naye bei, hatulazimiki kupeleka kwenye shirika moja la serikali kama nyie wa Zanzibar. Vijana wa kuchuma bado wapo, na katikati tunachanganya pilipili manga, mdalasini na migomba, hivyo mtu halali njaa mwaka ambao karafuu imekataa. Kutoka Dar unapanda basi asubuhi, mchana uko shambani. Pemba ni safari.

Mama Nasra (Tandika)

Mdogo wangu, mimi nina jambo moja. Usikubali "kukodisha tena" hata kwa dawa. Kwetu baba alifariki tukaanza hivyo hivyo. Kaka aliyekuwa karibu na shamba ndiye aliyekodisha, sisi wanawake tunaletewa bahasha, mwaka wa kwanza bahasha nene, mwaka wa tatu tunaambiwa karafuu hazikuzaa. Mwaka wa sita miti yetu mitatu mitatu haikujulikana tena iko wapi, alama zimefutika. Miti ya wanawake hupotea hivyo, bila ugomvi. Andikeni, wekeni kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa pale mtaani, na kila mmoja awe na nakala.

Binti Mtambile

Ahsanteni sana wote. Nimewasomea mama na kaka mkubwa, tumekaa barazani kwake hadi saa tano usiku.

Mzee wangu wa Wete, si eka. Ni kiambo, yaani ardhi ya ukoo, cha babu mzaa baba, na makaburi yapo hapo hapo nyuma ya nyumba. Kaka alipolisikia hilo la hati alitulia kidogo, maana kuna ndugu upande wa babu ambao nao wangedai.

Ndugu yangu wa Kinole, nimekuelewa, na kuhusu uhuru wa bei uko sahihi kabisa. Sisi tukitaka kupeleka kwingine tunaitwa wafanya magendo. Lakini mama amesema hafi akiwa ameuza alipozikwa mumewe, na mimi sina neno la kumjibu hapo wala silitafuti. Hilo la pilipili manga na mdalasini nimelichukua.

Mchumaji, maneno yako ya nyumba yenye watu ndani ndiyo yaliyobadilisha mazungumzo. Tulikuwa tunabishana juu ya miti wakati nyumba ya baba imefungwa kufuli na jiko limeota panya. Tunalofikiria ni hili: tuipe nyumba familia moja ya pale pale, bure, wakae, walime muhogo na migomba yao chini ya miti. Wao wasafishe shamba mwaka mzima, wasimamie uchumaji, wachambue na kuanika. Mavuno tugawane nusu kwa nusu, makonyo yawe yao. Na isiwe kwa msimu, iwe kwa miaka mingi, ili tawi likivunjika iwe hasara yao pia. Fedha ya kuwalipa wachumaji kila jioni tuitoe sisi wa Dar mapema, kabla ya msimu. Kaka wa Kariakoo amekubali kuikopesha dukani, hilo sikulitegemea.

Je, nusu kwa nusu ni haki? Na utaratibu gani watu wanautumia huko?

Mchumaji

Nusu ni haki mwaka wa mavuno makubwa. Mwaka mbaya haitoshi, mtu atakuwa amepalilia miezi kumi na miwili kwa magunia mawili, na mavuno makubwa hayaji kila mwaka, ukipata moja katika minne shukuru. Kwa hiyo mwaka mbovu mwachieni theluthi mbili, mchukue theluthi. Iandikeni hivyo tangu mwanzo, msingoje mwaka mbovu ndio muanze kuongea.

Pia wekeni miche. Mkarafuu ukipanda leo unangoja miaka sita, saba, minane ndipo uone kitu, na miti ya kwenu kwa maelezo yako ni mikubwa. Miche inatolewa na watu wa kilimo, mwenye kukaa shambani aende akaombe. Mkubaliane mapema miche mipya ni ya nani, maana huku mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Akipanda yeye bila maandishi, baada ya miaka kumi atasema ni yake, na atakuwa na hoja.

Jina la mwenye nyumba liwe la mke na mume wote wawili. Mume akiondoka kwenda Unguja kutafuta, na ataondoka, mke abaki na haki yake, kwa sababu kuchambua na kuanika ni yeye.

Mama Nasra

Hapo kwenye mke na mume nakazia. Na mama yenu mikarafuu yake mitano itajwe peke yake kwenye karatasi.

Binti Mtambile

Nimeandika yote. Theluthi mbili mwaka mbovu naipeleka kwa kaka leo jioni. Mchumaji, kama unaijua familia upande wa Mtambile au hapo Kangani iliyo tayari kukaa, nitumie ujumbe pembeni. Tunataka waingie kabla ya vuli ili wapate kufyeka.