Subaru na Evo za zamani: ni ubora uliopandisha bei, au ni sheria ya miaka 15?

Mlinzi_wa_Shasi
Naomba tujadili hili waziwazi. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Maana yake Subaru Impreza za shasi ya GC8 na GDB za mwanzo, Mitsubishi Lancer Evolution (Evo) VI na Toyota Celica GT-Four zilizoko Uganda ndizo hizo hizo. Hakuna nyingine inayoingia. Kila moja ikigongwa au ikikatwakatwa spea, zilizobaki zinapanda bei. Je, tunalipia gari au tunalipia uhaba? Na je, serikali ifungue mlango mdogo kwa gari za spoti za tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), au zilizopo zimalizikie hapa hapa?

Wa_Malaba
Mimi nilidhani ni miaka minane.

Mlinzi_wa_Shasi
Minane ni Kenya, ndugu. Kwetu ni 15.

Injini_ya_Chuma
Uhaba ni nusu ya jibu. Marekani inaruhusu gari la nje bila masharti yale makali likishatimiza miaka 25, ndiyo maana Nissan Skyline R34 za 1999 zilipofika 2024 Wamarekani wakajaa kwenye minada ya Japani. Zamani Wajapani walikuwa wanaziondoa wenyewe, kwa sababu kule gari likipita miaka 13 kodi yake inaongezeka, nasi tukizipata kwa bei ya chini. Siku hizi dola ndiyo inayozipangia bei. Viwanda navyo vimefunga: Evo iliisha 2016, na EJ20, injini ya Subaru, ilimaliziwa na toleo la mwisho, Final Edition, magari 555 tu.
Lakini kwa pesa zinazotajwa leo, mwenye akili anachukua Evo. EJ20 ni injini ya karatasi. Watu wananunua mlio.

Boksa_Mbale
Karatasi? Karatasi hiyo ilishinda mbio za Safari Rally 1997 na dereva McRae, ikarudi ikashinda 2000 na Burns. Kama unajua kinachovunjika, kitaje na useme kwa nini kinavunjika. Kutukana injini kila mtu anaweza.

Injini_ya_Chuma
Safari 1996 ilichukuliwa na Mäkinen kwa Evo III, na 1998 Burns huyo huyo alishinda na Mitsubishi Carisma GT, ambayo ndani ni Evo. Tusitupiane makombe.
Umetaka nitaje: beringi za konrodi. Bloku ya EJ20 ni aluminiamu, pistoni zimelala, krenki ni fupi na beringi zake ni nyembamba. Oili ikishuka kidogo ukakata kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, bomba la kunyonya linavuta hewa, na beringi inakauka. Bomba lenyewe hupasuka pale lilipochomelewa. 4G63, injini ya Evo, ina bloku ya chuma na imesimama wima. Ndiyo tofauti.

Dada_Spana
Nyote wawili mnaongea kama mashabiki wa mpira. Beringi ya EJ20 haifi bila kuuawa.
Kwanza petroli. Ramani ya kompyuta ya STI (Impreza ya juu kabisa, juu ya WRX) ya Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani 100. Ya pampu zetu haifiki hapo. Petroli inalipuka kabla ya wakati, sensa inasikia injini ikigonga, kompyuta inarudisha taimingi nyuma hadi mwisho wa uwezo wake. Ukiendelea kukanyaga, kila mlipuko unapiga pistoni, pistoni inapiga konrodi, na beringi ndiyo inayopokea yote. Dawa yake inajulikana: ramani ipangwe upya kwa petroli ya hapa, busti, yaani presha ya hewa ya tabo, ishuke hadi karibu bar 1, na uwiano wa hewa kwa petroli usomeke 11.0 hadi 11.5 ukiwa umekanyaga mpaka chini.
Pili oili. Zinaingia lita nne na nusu hivi. Injini hii hula oili hata ikiwa nzima, kwa hiyo kijiti kinachomolewa kila unapojaza petroli. Taa ya dashibodi ni ya presha, si ya kiwango. Ikiwaka, beringi imeshaumia.
Tatu vumbi. Filta ya koni iliyoachwa wazi ndani ya boneti, kwa vumbi letu jekundu, inakula bapa za tabo na kupaka uchafu waya wa sensa ya hewa. Waya ukichafuka unasoma hewa kidogo kuliko iliyoingia, petroli inapungua, joto linapanda. Rudisha boksi la filta la kiwandani.

Kijana_wa_Ntinda
Dada, ukiondoa koni na ile valvu ya pshhh inayotoa hewa ya tabo nje umebakiza nini? Toyota Premio? Bila sauti nani atajua kwamba ni tabo?

Dada_Spana
Atajua aliyekaa ndani. Valvu inayotoa hewa nje haikufai kwenye Subaru, na sababu ni ya kiufundi. Sensa imeshaipima ile hewa, kompyuta imeshatoa petroli yake, halafu wewe unaimwaga hewa nje. Kila ukibadilisha gia petroli inazidi, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakohoa. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa kabla ya tabo, na hesabu inabaki sawa.
Na huo mlio wa du-du-du unaolipiwa? Unatokana na manifoldi zenye mabomba yasiyolingana urefu. STI za Japani tangu mwishoni mwa 2002 zina tabo ya njia mbili na mabomba yanayolingana, kwa hiyo hazingurumi vile. Watu wanang'oa manifoldi nzuri, wanafunga ya zamani ili wapate mlio, tabo inachelewa kuamka, halafu wanaliita gari limeboreshwa. Limepunguzwa.

Boksa_Mbale
Hapo nakuunga mkono. Ila ongeza la nne: mafundi wa Kisekka, soko la spea la Kampala. Nusu ya EJ20 zilizokufa mjini zilifia mikononi mwao.

Mzee_wa_Ndeeba
Usitaje Kisekka kwa mdomo mwepesi, kijana. Mteja analeta injini iliyogonga, anataka ifungwe beringi mpya Ijumaa atembee Jumamosi. Ukimwambia kipoza oili kinachokaa nyuma ya filta lazima kibadilishwe, anasema unataka kula pesa yake. Vipande vya beringi ya zamani vimelala mle ndani na havitoki kwa kusuuza. Vimelala pia kwenye kichujio kidogo cha ndani ya bolti ya bomba la oili la tabo. Injini mpya ikiwaka, chuma hicho kinaingia kwenye beringi mpya, na kichujio kikiziba tabo inakauka. Mwezi mmoja imekufa tena, na jina linalochafuka ni la fundi.

Boksa_Mbale
Basi mzee, mwandikieni kwenye karatasi. Akikataa kipoza, asaini.

Mzee_wa_Ndeeba
Hilo sawa.

Injini_ya_Chuma
Mnaona? Kurasa nzima za dawa. Gari lenye afya halihitaji daktari wa kila siku.

Dada_Spana
Evo haiendi hospitali? Ile 4G63 yako ina mkanda mdogo wa shafti za kusawazisha. Ukikatika unaingia kwenye mkanda mkubwa wa taimingi, na valvu zinakutana na pistoni. Mkanda mkubwa ni kilomita 100,000, na mdogo ubadilishwe siku hiyo hiyo pamoja na rola zake. Tena useme na pampu ya AYC, mfumo unaogawa nguvu kati ya tairi za nyuma kwenye kona, inayooza kwa maji na matope. Wengi wa hapa wameshaizima, kwa hiyo wanauza Evo isiyo na kitu kinachoifanya Evo ikate kona.

Injini_ya_Chuma
Pampu ya AYC haiui injini.

Mwinuko1200
Mmesahau tulipo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa ni kama bar 0.88. Injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya asilimia 12 ya nguvu kabla haijatoka getini. Tabo inaweza kuziba pengo, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya gari hizi kupendwa katika nchi za milima.
Lakini haizibi bure. Ili upate ndani ya injini presha ile ile ambayo pwani unaipata kwa busti ya bar 1, hapa geji isome karibu 1.13. Tabo inazidisha hewa mara 2.3 badala ya mara 2, inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Anayepandisha busti hapa kwa namba alizosoma kwa watu wa pwani, tena na intakula (kipoza hewa ya tabo) ndogo ya kiwandani, anajitafutia balaa. Na wanunuzi sikilizeni: ukipima kompresheni (presha ya kila silinda) hapa, namba zitakuwa chini ya zile za kitabu. Usiogope namba ndogo, ogopa silinda moja kuachana na wenzake.

Mlinzi_wa_Shasi
Asanteni, lakini niliuliza kuhusu sheria. Mlango ufunguliwe au usifunguliwe?

Wa_Malaba
Usifunguliwe. Ukifunguliwa kwa "gari za spoti", kila WRX ya kawaida itavuka mpaka na beji ya waridi ya STI. Zilizopo tayari zinatosha kwa udanganyifu.

Boksa_Mbale
Na Lancer Cedia, zile Lancer za kawaida, zenye bampa la Evo je?

Wa_Malaba
Hizo hizo. Soma herufi za shasi kabla ya kusikiliza mlio. Sedani ya STI ya kizazi cha 2000 hadi 2007 ni GDB, giaboksi ya gia sita. GDA ni WRX ya gia tano, hata ikiwa na breki za Brembo. Evo VII, VIII na IX ni CT9A. Ukikuta CS2A au CS5A, hiyo ni Cedia, umelipia bampa. Na usisome kibati peke yake, maana kibati kina riveti na riveti hutoka. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma cha ukuta wa injini, uilinganishe na kadi ya gari.

Kijana_wa_Ntinda
Na kama injini imebadilishwa lakini shasi ni GDB halisi? Bei ile ile?

Injini_ya_Chuma
Hapana.

Dada_Spana
Inategemea. GDB yenye EJ207 (EJ20 ya STI) nyingine, karatasi za kazi zipo na kipoza oili kilibadilishwa, naichukua kabla ya ile yenye injini yake ya kiwandani ambayo haijawahi kufunguliwa na hakuna anayejua ilikunywa petroli gani. Muulize muuzaji akuonyeshe risiti ya kipoza.

Mzee_wa_Ndeeba
Na aiwashe ikiwa baridi, mbele yako. Ukifika ukakuta ameshaipasha moto, rudi kesho asubuhi.