Naomba ushauri: vichipukizi vya sikadi vinaoza kabla ya kutoa mizizi

Wakuu, hasa mnaotunza sikadi (mimea inayofanana na mitende midogo) kwenye bustani za mimea, naombeni msaada. Vichipukizi 4 vya Encephalartos (kundi la sikadi za Afrika), kila kimoja kikubwa kama ngumi, vilikatwa kwenye mmea mama kwa kisu safi. Majani yote yaliondolewa, maana bila mizizi yangekausha shina. Vidonda vilipakwa unga wa salfa, vikakaushwa kivulini siku 14, kisha vikapandwa kwenye mchanga wa chengachenga sehemu 3 kwa mboji sehemu 1.

Viwili vimeoza. Kitako kinabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ndani ni kahawia na kinanuka uchachu. Vingine bado vigumu. Nashuku mboji: inashika maji ambayo kichipukizi kisicho na mizizi hakiwezi kuyanyonya.

Je, hivi viwili vilivyo vigumu nivihamishie kwenye changarawe tupu? Nimwagilie kila baada ya siku ngapi? Na kilichooza, kikikatwa hadi kwenye nyama nyeupe na kukaushwa upya, huwa kinapona? Mmea mama ni jike, na kichipukizi hurithi jinsia yake. Mbegu haitoi uhakika huo, ndiyo maana sitaki kuvipoteza.