Bwana Chui kwa watoto wa darasa la tano: naanzia wapi?

Mwalimu Furaha, Goma: Jambo ndugu. Nafundisha dini kwenye shule ya parokia. Nataka kuwasimulia Floribert Bwana Chui, mtoto wa mji huu, aliyetangazwa Mwenye Heri, hatua ya kabla ya utakatifu, kule Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa anakagua bidhaa mpakani, akakataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiuzwe, wakamuua mwaka 2007. Kifo nakisemaje kwa watoto wa miaka kumi? Na wengine ni Waprotestanti.

Papa Baraka: Usianzie kwenye kifo. Leta kikombe cha mchele wenye ukungu, wanuse, kisha uliza nani anataka mama yake aupike. Kifo, sentensi moja. Watoto wa Goma wameona mengi, usiwadanganye.

Mama Neema: Mimi Mprotestanti, mtoto wangu anasoma kwa masista. Somo hilo karibu sana. Kumlazimisha ishara ya msalaba, hapana.

Katekista wa Katindo: Bwana Chui alifundisha pia maibobo, watoto wa mitaani, kwenye Shule ya Amani ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki. Watoto wangu wa Kizito-Anuarite, kikundi cha watoto Wakatoliki, walishika hilo kuliko mambo ya mpaka.

Mwalimu Furaha: Aksanti. Papa Baraka, huo mchele nikiuingiza jikoni kwa masista watanifukuza!