Mabaki ya viumbe yanayochukuliwa na maji ya bahari huishia wapi?

Mkazi_wa_Gazi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Maji yakipwa hapa Gazi, kusini mwa Mombasa, kaa huyaburura majani ya mikoko yaliyoanguka na kuyaingiza mashimoni mwao. Hayo nayafahamu. Naomba ufafanuzi kuhusu yale yanayotolewa na maji nje ya ghuba, pamoja na mizoga na vinyesi vya samaki: je, yote huzama? Na kama huzama, mbona vilindi havijajaa?

Mwalimu_Bayolojia:
Ndugu yangu, mengi hayafiki chini. Chembe zinaposhuka, bakteria huzimeng'enya njiani kwa kutumia oksijeni, na kurudisha majini hewa ya ukaa, nitrati na fosfati. Kati ya kaboni yote inayotengenezwa na mimea midogo ya juu ya bahari, ni chini ya asilimia 1 tu inayozikwa katika matope ya chini. Virutubisho hivyo hubaki vilindini mpaka maji yenyewe yapande, kama inavyotokea kila mwaka pwani ya Somalia, ambako upepo wa kusi husukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, maji baridi ya chini yakashika nafasi yake, na mimea hiyo ikastawi upya.

Msomaji_wa_Bahari:
Naafiki, ila tusiisahau ile isiyozama kabisa. Kaboni ya viumbe iliyoyeyuka baharini inakadiriwa kufikia tani bilioni 660, mara nyingi zaidi ya ile iliyomo katika miili ya viumbe vyote vya baharini. Hata yale maji ya kahawia yanayotoka mikokoni wakati wa kupwa yamebeba sehemu yake, kwa kuwa jani likilowa hutoa sukari na tanini, yaani dutu chungu ya mimea inayoyapa maji rangi hiyo. Sukari huliwa upesi. Inayobaki ndiyo ya kustaajabisha: vipimo vya kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole na hivyo kutumika kupimia umri, vimeonyesha kuwa iliyomo katika vilindi vya Pasifiki ina umri wa wastani wa miaka ipatayo 6,000.

Mkazi_wa_Gazi:
Ahsanteni sana. Lakini bakteria wako kila mahali. Kwa nini waiache muda wote huo?

Msomaji_wa_Bahari:
Wapo wanaosema molekuli zake ni ngumu kumeng'enywa. Wengine wanashikilia kuwa zimetawanyika mno, kila aina ikiwa haba kiasi kwamba bakteria hapati faida kuitafuta. Mwaka 2015 watafiti walichapisha katika jarida la Science jaribio ambamo waliikoleza kaboni ya vilindini, yaani waliikusanya iwe nyingi zaidi katika maji kidogo, na bakteria wakaongezeka, jambo linaloupa nguvu upande wa pili. Mimi naona sababu zote mbili zinafanya kazi pamoja, kwani maji hayo yanapopanda juu, mwanga wa jua huzivunja baadhi ya molekuli hizo, na vipande vyake huliwa bila ya kukolezwa.